Hela ya barabara kwa wanaohamia mtaani kwetu: mimi nililipa, sasa wanamkamua kijana wa watu

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Jana jioni fuso lililobeba tofali za jirani yetu mpya, huku pembezoni mwa Chanika, Dar es Salaam, limezuiwa kwa gogo pale kwenye mwembe. Vijana sita wamekalia gogo wanadai elfu hamsini, eti hela ya barabara. Kijana wa watu ana mke mjamzito, mimba imeshakuwa kubwa. Wamepanga chumba Gongo la Mboto, kodi inaisha mwezi huu, wanakimbizana wahamie hata kama nyumba haina dari. Hana hiyo hela. Dereva kasubiri mpaka kachoka, akamwaga tofali pembeni ya njia akaondoka. Leo alfajiri nimepita na tochi: imebaki kama nusu. Alama za tairi la toroli zimo mchangani, zinaingia uchochoroni. Ukiuliza, hakuna aliyeona.

Kinachonichoma ni kwamba gogo hilo nalijua. Mwaka 2021 tulipohamia tulilipa elfu hamsini hiyo hiyo kwa lori la mchanga, na nyingine kwa kokoto, bila hata kipande cha karatasi. Mume wangu ni dereva wa malori, njia ya Tunduma, kwa hiyo mtaa huu nimeukabili peke yangu na watoto. Kisimani wenzangu dumu la lita 20 walikuwa wanachota kwa mia, mimi mia mbili. Jina langu lilikuwa "yule wa geti jeusi". Akifa mtu nyumba ya nne, mimi nasikia matanga yameshaisha. Ila mchango wa ulinzi shirikishi, mlango wangu haukuwahi kusahaulika.

Mwaka wa pili akafariki bibi mmoja mwenyeji, Mzaramo wa hapa hapa. Sikusubiri kuitwa. Nilijifunga kanga, nikachukua kisu na ndoo yangu, nikaenda kukaa na akina mama tukamenya vitunguu. Mzee mmoja akaniuliza kabila. Nikamwambia Mnyamwezi, wa Urambo. Akapiga kofi: "Mtani! Siku zote ulikuwa wapi?" Wanaojua wanajua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya kwenda pwani. Basi nikapewa ufagio, nikafagia uwanja wa msiba, nikayaficha majembe ya kuchimbia kaburi mpaka wafiwa wakanikomboa kwa hela, kama mtani anavyotakiwa. Binti wa marehemu alicheka huku machozi yanamtoka, akanishika mkono hakuniachia.

Baada ya hapo dumu likawa mia, hakuna aliyetangaza. Nikaingizwa chama cha kuzikana. Nikawa mama mapacha. Usiku mmoja pacha mmoja kapandisha homa mpaka anatetemeka, kijana wa bodaboda wa nyumba ya tatu akatukimbiza hospitali saa nane, akakaa nje hadi kunakucha, na hela akakataa. Nawapenda watu hawa, nasema kutoka moyoni.

Sasa kijana huyo huyo jana alikuwa amekalia gogo. Nimefika nikijua atanisikiliza. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama mapacha, rudi ndani. Wewe ni mwenzetu, hili halikuhusu."

Nimelia njia nzima kurudi nyumbani.

Wanasema malori yanaharibu njia. Kweli yanaharibu, masika hapa ni tope na bodaboda ya buku inakuwa buku mbili. Lakini korongo la pale mwembeni lipo tangu nahamia, na kila anayejenga amelipa. Hela iko wapi? Nimemuuliza kiongozi mmoja wa mtaa ni sheria ndogo ipi imepitisha tozo hiyo, na kwa nini haina risiti. Kaniambia nisiwachonganishe wananchi. Oktoba 2024, wakati wa kujiandikisha kwa uchaguzi wa serikali za mitaa, walipita hadi kwa wapangaji wa juzi wakiwaambia ninyi ni wakazi wa hapa, njooni mjiandikishe. Kwa hiyo kwenye kura mtu ni mkazi, kwenye tofali ni mtu wa kuja?

Zile tofali zilizobaki tumezihamishia ndani ya geti langu leo asubuhi, mimi, mapacha na yule jirani mpya. Mkewe alitaka kubeba nikamkatalia, nikamkalisha kibarazani na uji. Alikuwa ananiuliza kama mtaa huu una watu wazuri. Nilikosa jibu la kumpa.

Jumamosi kuna kikao cha mtaa na nitasimama kuuliza mapato na matumizi ya hela hiyo mbele ya wote, hata wakirudi kuniita wa geti jeusi. Naombeni msaada: kama yupo aliyewahi kudai risiti ya michango ya namna hii akasikilizwa, alianzia kwa mtendaji wa mtaa, kata au wilayani? Na alibeba nini mkononi?