Kompyuta mpakato ya kukunja yanyimwa waranti kwa kosa la kukunjwa

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nilinunua kompyuta mpakato ya daraja la juu, ya aina ile ambayo skrini yake huzunguka nyuzi 360 mpaka ikalala mgongoni mwa kibodi na mashine nzima ikageuka kishikwambi, kwa bei iliyozidi shilingi milioni nne, na risiti ya EFD ninayo. Bawaba ya kushoto ilipoanza kukwaruza, na skrini ikawa inazima kila inapovuka pembe fulani, waranti ya mwaka mmoja ilikuwa bado haijaisha, kwa hiyo niliifunga vizuri na kuipeleka kwa muuzaji jijini Dar es Salaam. Jibu nililopewa kaunta ni kwamba waranti haihusiki, kwa kuwa mashine "imekunjwa kupita kiasi". Nikauliza kiasi hicho ni kipi na kimeandikwa wapi. Hakuna aliyenionyesha, kwa sababu hakimo kwenye kadi ya waranti wala kwenye kijitabu cha maelekezo, na picha iliyopo juu ya boksi lenyewe inaonyesha mashine hiyohiyo imekunjwa kwa namna nne tofauti.

Sitaitaja chapa wala duka, maana shauri bado halijafika mwisho. Naomba tu tuijadili bidhaa yenyewe kwa haki, mazuri yake na mabaya yake, ili anayefikiria kununua aina hii ajue anachokinunua.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Tanga. Asubuhi naweza kuwa Pongwe kwenye kiwanja, mchana Kange kwa mteja mwingine, na jioni nyumbani nikirekebisha michoro. Kwa kazi ya namna hiyo, mashine hii ilipokuwa nzima ilinifaa kuliko kompyuta yoyote niliyowahi kuitumia. Mteja akisema anataka dirisha la jikoni lisogezwe upande unaopata upepo wa kusi, naikunja skrini, nachukua kalamu, nalisogeza mbele ya macho yake, na ubishi unaishia hapohapo. Kalamu inatambua ngazi 4,096 za mkandamizo, hivyo mstari unanenepa na kukonda kufuata mkono. Kwa kuwa kioo kimegandishwa moja kwa moja juu ya paneli ya picha, wino unaonekana kutokea pale pale ncha inapogusa. Skrini ni ya OLED, ambayo kila pikseli hujiwashia mwanga wake yenyewe, na kwa sababu hiyo nyeusi yake ni nyeusi kweli. Chaji inaingia kwa tundu la USB-C, na umeme unapokatika naunganisha pawabenki yenye nguvu ya kutosha na kuendelea na kazi. Hilo la mwisho peke yake lingenitosha kuisifia.

Mabaya yake nayo ni ya kweli, na mengi hayaonekani dukani. Skrini hiyo nzuri inang'aa kama kioo cha kinyozi, na mwangaza wake ni niti 400 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), kiasi kinachotosha sana ndani ya ofisi lakini kinachoshindwa kabisa na jua la saa saba mchana, wakati simu nyingi za bei ya juu siku hizi zinavuka niti 1,000. Kiwanjani nalazimika kutafuta kivuli cha mwembe ndipo nione nilichokichora. Uzito nao unakaribia kilo moja na nusu, ambao si kitu ukiwa umeiweka mezani, lakini ukiishika kwa mkono mmoja kama kishikwambi, mkono unachoka upesi. Ukiilaza mapajani ikiwa imekunjwa, matundu ya hewa yanazibwa na nguo, feni inapiga kelele na mashine inajipunguzia kasi ili isiungue. Na katika joto letu la kaskazi, mwezi wa pili hivi, betri ya lithiamu inayochajiwa hadi asilimia 100 na kuachwa kwenye umeme mchana kutwa inazeeka haraka. Mwenye mashine kama hii aingie kwenye mipangilio na aizuie isipite asilimia 80, kama mtengenezaji ameweka chaguo hilo.

Kalamu ina kisa chake. Inatumia betri nyembamba ya ukubwa wa AAAA, yaani yenye A nne, na mjini hapa kila duka nililoingia lilinitolea AA au AAA na kuniangalia kana kwamba sijui kuhesabu. Aliyenitoa kwenye shida hiyo ni fundi mmoja wa Ngamiani, ambaye alichukua betri ya pembe nne ya volti 9, akaipasua ganda kwa koleo, na ndani mkatoka vijibetri sita vyembamba vilivyopangwa kama risasi. Vilikuwa vifupi kidogo kuliko vinavyotakiwa, akakunja kipande cha foili na kukipachika chini ya kimoja, na kalamu ikaandika. (Si betri zote za volti 9 zilizo hivyo ndani, kwa hiyo msizivunje ovyo.) Niulize basi, mtu anayeuza kalamu ya bei ile anashindwaje kuweka hata betri mbili za akiba ndani ya boksi?

Ni fundi huyohuyo aliyenifungulia mashine baada ya duka kunirudisha mikono mitupu, na alichonionyesha ndicho kilichonipandisha hasira zaidi. Nyaya zinazopeleka picha na mguso kwenye skrini ni mkanda mwembamba, ambao mafundi wanauita fleksi, unaopita kandokando ya bawaba na kupinda kila skrini inapozungushwa. Kwenye bawaba ya kushoto, skrubu mbili zilikuwa zimeota kutu ya rangi ya chungwa na mhimili wake umekaza, kwa hiyo kila nilipofungua, nguvu ilikuwa inahamia kwenye bamba linaloshikilia bawaba, bamba likanyanyuka upande mmoja na kuanza kuubana mkanda ule. Palipobanwa palikuwa na alama nyeupe, kama karatasi iliyokunjwa mara nyingi mahali pamoja. Hakuna aliyeikunja mashine kupita kiasi. Bawaba ilishika kutu kwa chumvi ya hewa ya pwani, na mkanda ukalipa gharama ya kutu hiyo. Je, mashine inayouzwa Dar es Salaam, mji ulio ufukweni kama huu wetu, imetengenezewa watu wa wapi?

Nikadhani basi tatizo ni dogo, mkanda unabadilishwa na maisha yanaendelea. Haiwezekani. Mkanda umeunganishwa na skrini, skrini imegandishwa na kioo na mfuniko wake, na vyote vinauzwa kama kitu kimoja ambacho bei yake, kwa makadirio niliyopewa na duka lilelile, inakaribia nusu ya bei ya mashine mpya. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, imechomelewa kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu wa saketi, kwa hiyo hata wazo la kuiuza kama vipuri halina faida kubwa. Kinachotoka kwa bisibisi ni diski ya kuhifadhia, betri na feni, basi.

Wapo watakaosema bawaba za namna hii ni teknolojia changa. Si kweli. Lenovo walitoa Yoga yao ya kwanza mwaka 2012, wakati Windows 8 inaingia sokoni, na tangu hapo kampuni nyingi zimeunda za kwao. Zaidi ya miaka kumi inatosha kwa mtengenezaji kujua kwamba bawaba ndiyo sehemu itakayofanya kazi kuliko zote, na inatosha kwa muuzaji kujua hivyo pia.

Sasa nirudi kwa muuzaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayeuza kwa njia ya biashara atoe kitu kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi ameieleza. Mimi niliieleza kazi yangu pale kaunta, na muuzaji mwenyewe akanionyesha namna ya kuikunja, akaikunja mara kadhaa kwa mbwembwe. Nimemwandikia barua nikimtaka afanye moja kati ya mambo mawili: abadilishe skrini na bawaba zote mbili bila malipo, au anipe barua ya sababu za kukataa, yenye sahihi na muhuri, ikitaja kifungu cha kadi ya waranti anachokitegemea. Mpaka ninapoandika hapa, ninachopata kwenye simu ni "njoo wiki ijayo", kana kwamba kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kuvuka barabara, wakati ni safari ya kilomita zipatazo 350 yenye nauli ya kwenda na kurudi.

Naomba msaada kwa wenye uzoefu. Kwanza, aliyewahi kupeleka lalamiko la waranti kwenye Tume ya Ushindani anieleze aliambatisha nini na kama ilimlazimu kwenda mwenyewe ofisini kwao. Pili, mafundi wa pwani, kuna mafuta gani mnayapaka kwenye bawaba za chuma yasiyotiririka na kuingia kwenye skrini? Tatu, mwenye mashine ya aina hii iliyoharibika ubao mama lakini skrini ni nzima, ya inchi 14, anitumie ujumbe wa faragha, na picha ya kibandiko cha chini ili nilinganishe namba ya modeli. Wanaotaka kuniambia ningenunua ya kawaida yenye kibodi isiyokunjika, naomba wafungue uzi wao.