Naomba ushauri: msimamo au maslahi?

Wakuu habari za jioni, nina insha ya chuo inayouliza nchi zinaongozwa na nini kwenye mambo ya nje. Nimechukua Tanzania, kwa sababu Desemba 1965 Nyerere alivunja uhusiano na Uingereza kisa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako Uingereza ilishindwa kuwazuia walowezi wazungu waliojitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaota mbawa, hapo naona msimamo mtupu. Ila nikija TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, nakwama, Mchina alikopesha bila riba, reli ikajengwa 1970 hadi 1975, Zambia ikapata njia ya shaba bila kupita kwa makaburu, sasa huo ni ukombozi au biashara? Nimesoma sera ya mambo ya nje ya Tanzania ya 2001, ile ya diplomasia ya uchumi, yaani kutanguliza faida za kiuchumi kwenye mahusiano ya nje, ndo imenivuruga kabisa. Naweza kutetea vyote viwili kwenye insha moja au nichague upande? Na China yenyewe ilikuwa inatafuta nini hasa?