Redio ya AM inazidiwa na mvumo usiku, naomba ushauri

Wakuu, naishi ghorofani katikati ya jiji kubwa na napenda sana kusikiliza AM usiku. Mchana kituo changu kinashika vizuri. Giza likiingia kinafifia na kurudi, na vingine vinaingia juu yake. Hilo naelewa: jua likizama, safu ya chini ya ionosfia (tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme) inayomeza mawimbi ya kati, yaani haya ya AM, hutoweka, hivyo vituo vilivyo mamia ya kilomita huakisiwa na kufika hadi huku.

Kinachoniumiza ni mvumo. Nikizima balbu za LED na kuchomoa chaja ya simu unapungua, lakini hauishi. Nadhani unatoka kwa majirani kupitia nyaya za umeme. Kutumia betri kumesaidia kidogo. Kuizungusha redio pia, maana antena ya feraiti (kijiti chenye waya uliozungushwa) iliyo ndani hupokea zaidi kwa ubavu kuliko kwa ncha.

Je, antena ya kitanzi dirishani itaushinda mvumo huu, au nitafute waya mrefu wa nje? Na zege lenye nondo linazuia kiasi gani? Aliyefanikiwa akiwa ghorofani anieleze alichofunga na ukubwa wake, tafadhali. Taarifa ya habari ya usiku siipati kabisa, na ndiyo niipendayo kuliko vipindi vyote.