Tupeane uzoefu: kusimamia uchaguzi wa Order of the Arrow kambini

MshauriWaLoji

Wakuu, habari za saa hizi. Kambi za kiangazi ndizo hizo zinakaribia, na najua humu tuko wengi tulioko Marekani wenye watoto skauti. Naomba tupeane uzoefu wa uchaguzi wa Order of the Arrow, maana kila mwaka naulizwa maswali yaleyale.

Kwa wageni wa mada: OA ni jumuiya ya heshima ya skauti wa Marekani. Ilianzishwa 1915 na E. Urner Goodman na Carroll Edson kwenye kambi ya Treasure Island, kisiwa kilicho ndani ya Mto Delaware, ambako skauti wa Philadelphia walikuwa wakipiga kambi. Kinachowashangaza wazazi wetu ni hiki: wanaoingia hawachaguliwi na wanachama. Wanachaguliwa na vijana wenzao wa kundi, hata yule aliyejiunga majuzi na bado hajui kufunga fundo. Mtu mzima hana kura. Mimi ni mshauri tu. Timu ya uchaguzi yenyewe ni vijana, na kazi yangu kubwa ni kuendesha gari na kufunga mdomo.

Karibuni.

Kijana_wa_Minnesota

Shikamooni. Mimi niko kwenye timu ya uchaguzi ya loji yetu (ndivyo tunavyoliita tawi la OA la eneo), wazazi wangu ni wa Moshi, Kiswahili changu mtanivumilia.

Tunafika kwenye eneo la kundi baada ya chakula cha jioni. Ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa sababu wadogo wanataka kurudi ziwani na wakubwa wameshaanza kucheza karata. Skautimasta anatupa majina ya waliotimiza masharti. Hapo hatuongezi wala hatupunguzi. Kisha nasimama na kuwaambia jambo moja ambalo lazima nilirudie, kwa sababu shuleni wamezoea vingine: hapa hakuna anayeshindana na mwenzake. Unaweza kuandika jina moja, matatu, yote, au usiandike lolote. Kila jina unaliuliza peke yake: huyu anaishi Kiapo na Sheria ya Skauti, kambini na nyumbani?

Wakishaelewa hapo, kelele zinapungua. Ukiwaacha wakae kwenye benchi moja, wa mwisho atanakili alichoandika wa kwanza, kwa hiyo tunawatawanya na kila mtu anamgeuzia mwenzake mgongo.

Hesabu yake inawachanganya hata watu wazima. Anayepata nusu ya kura zilizopigwa au zaidi, ameingia. Karatasi 20, kura 10 zinatosha, hazihitajiki 11. Karatasi zikiwa 17, nusu ni 8.5, kwa hiyo ni lazima 9.

Kuna dogo mmoja alinifuata gizani hadi kwenye gari kuniuliza kaka yake alipungukiwa kura ngapi. Sikumwambia. Hatumwambii mtu yeyote idadi, iwe kwa aliyeingia au kwa aliyekosa. Alinuna, akasema nina roho mbaya. Sawa tu.

MamaWaKisauni

Mwanangu, Kiswahili chako hakina neno, Mungu akuweke.

Mimi ni mzazi tu. Kijana wangu aliporudi kambini akaniambia amechaguliwa, na kwamba walimwita usiku kwenye moto mbele ya kambi nzima, na kwamba bado kuna hatua ya kupitia ambayo mtu halali na wenzake, hasemi, anapewa chakula kidogo na anafanya kazi kutwa. Nikamwangalia babake. Babake akaniangalia. Sote tulikuwa tunafikiria neno moja: Freemason.

Nikampigia mshauri wao, mama mmoja mpole sana, nikamuuliza bila kuzunguka. Hakuchukia. Akaniambia mzazi hafichwi kitu, niulize lolote kuhusu hiyo hatua, wanayoiita Ordeal, nitajibiwa, na kama mtoto ana dawa au shida ya kiafya niseme mapema wampangie. Kazi zenyewe, akasema, ni kutengeneza njia, kupasua kuni, kupaka rangi majengo ya kambi.

Kwa chakula kidogo sikuwa na wasiwasi, Ramadhani anaijua tangu mdogo. Kilichonitia shaka ni hiyo siku nzima ya kunyamaza! Mtoto huyu hata akilala anaongea. Akarudi Jumapili na ule mkanda wake mweupe wenye mshale mwekundu, mikono ina malengelenge, akala sahani tatu za pilau, kisha akaongea mpaka usiku wa manane.

Skautimasta_Mstaafu

Nami niweke langu: akidi. Lazima angalau nusu ya vijana walio wanachama hai kwenye orodha ya kundi wawepo. Hapo ndipo uchaguzi wa kambini hufia. Kundi nililokuwa nasaidia lilikuwa na vijana 34, kambini wakaja 15. Timu ya loji ilitembea msitu mzima na tochi ikafika, ikahesabu, ikaomba radhi, ikaondoka. Wazazi walilalamika sana, kuna mmoja alitaka tupige simu watoto wapige kura kutoka nyumbani. Tulifanya uchaguzi vuli, kwenye mkutano wa kawaida, ukaisha kwa muda mfupi tu. Ushauri wangu: kundi likiwa kubwa, usisubiri kambi.

Na msisahau vijana wa miaka 18 hadi 20. Kwa OA hao bado ni vijana na wana kura.

Nyeri_Hadi_Texas

Mimi nitakuwa mpinzani kidogo. Nililelewa skauti Kenya, kilomita chache kutoka kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, pale Nyeri, alikozikwa 1941. Kwetu kiongozi wa kikosi alikutazama mwaka mzima, ukipanda ulikuwa umepanda kweli. Sasa mtoto wa miaka 11 ampime kijana wa 16 kwa dakika kumi? Si atampigia aliyemgawia peremende?

MshauriWaLoji

Mkuu, hoja nzito, na sitakudanganya kwamba umaarufu hauingii. Unaingia. Lakini huyo wa miaka 11 ndiye anayejua nani alimsaidia kusimamisha hema mvua ilipokuwa inanyesha na nani alimficha kiatu. Skautimasta hayaoni hayo, mkubwa akimwona anajiweka sawa. Na kabla ya kura kuna chujio: awe amefika daraja la First Class, awe na usiku 15 za kambi ndani ya miaka miwili, na skautimasta wake amkubali. Kwa hiyo wadogo hawachagui kutoka gizani. Aliyekosa mwaka huu anarudi kwenye karatasi mwaka unaofuata. Uchaguzi ni mmoja kwa kundi kwa mwaka.

Nyeri_Hadi_Texas

Hapo kwa kiatu umenipata kidogo. Bado sijakubali yote.

BabaPacha

Samahani kuwakatiza. Wangu ana First Class. Ana kambi mbili za wiki nzima, ya mwaka jana na ya mwaka juzi, usiku sita kila moja, na wikendi mbili za usiku mbilimbili. Jumla 16. Ameambiwa hajatimiza. Wanamwonea?

MshauriWaLoji

Hawamwonei. Kambi ndefu inahesabiwa moja tu, na humo zinachukuliwa usiku tano. Zilizobaki kumi lazima ziwe kambi fupi, zisizozidi usiku tatu kila moja. Kwa hiyo ana tano na nne, tisa. Bado sita. Wikendi tatu za usiku mbilimbili zinamaliza. Kundi lake lina kambi Septemba? Mwandikishe leo, na aziandike usiku zake mwenyewe kwenye kitabu chake, asimwachie skautimasta.