Tupeane uzoefu: sehemu za mwanzo za Kabhi Main Kabhi Tum ulizionaje?

Rimoti ya Baba
Wakuu, salaam. Mimi si mtu wa tamthilia. Kwangu rimoti ni ya mpira mpaka saa nne, baada ya hapo ni ya mama watoto. Juzi umeme ukakatika, simu yenye chaji ikabaki ya kwake tu, nikajikuta nimeinamia kile kioo kidogo nawatazama Wapakistani wanagombana sebuleni. Ndiyo hiyo Kabhi Main Kabhi Tum ya ARY Digital, kituo cha TV cha kwao. Ilianza 2 Julai 2024, iko YouTube, sehemu 34 basi.

Ya kwanza nilisinzia, sifichi. Kaka mkubwa, Adeel (Emmad Irfani), ana kazi nzuri na ndiye anayesifiwa na wazazi. Mdogo wake Mustafa (Fahad Mustafa) kazi yake gemu, baba hataki hata kumwona. Binti Sharjeena (Hania Aamir), msomi, kaposwa na Adeel. Nikamwambia mke wangu, huyu atakuja kuolewa na mdogo mtu. Akanijibu, "Nyamaza uangalie." Siku ya tatu mimi ndiye niliyekuwa nauliza bando limebaki kiasi gani.

Haya, na nyie? Mlikomaa au mliacha? Kuna ambao hatujamaliza, kwa hiyo ubuyu wa mwisho msiumwage.

Shangazi wa Kisauni
Mimi nilianza na nyingine kabla ya hiyo, na nusura niwaache Wapakistani wote kwa sababu ya neno moja. Nasoma maandishi ya chini kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Mama mkwe anawabana wazazi wa bibi harusi, na maandishi yanasema anadai "dowry", mimi najua ni mahari. Friji, kitanda, makochi, vyote vitoke kwa kina bibi harusi viende kwa mume! Nikasema hawa wameandika kinyume. Nikatega sikio nisikie wenyewe wanasemaje, nikasikia "jahez, jahez". Mimi nikafahamu jahazi. Nikakaa nangoja meli itokee.

Jirani yangu ni Mbulushi, watu wao asili yao ni huko. Alicheka mpaka akakaa chini. Kanieleza kuwa jahez ni vile vyombo anavyoondoka navyo bibi harusi kwao, na mahari yapo pia, mbali kabisa, ni haki yake kutoka kwa mume na hutajwa kwenye nikaha. Sasa Kiingereza hivi vyote mara nyingi wanavipa neno moja, dowry, na sisi tuliosomea shule za mitaani tunapotea. Tena kuna sheria yao ya 1976 iliyoweka kikomo cha jahez rupia 5,000. Ukitazama tamthilia zao hutadhani kuna aliyewahi kuisoma.

Kobe Mwendo
Niliacha ya pili. Kulia kwingi. Halafu zile kamera, mtu akishtuka unaonyeshwa sura yake mara tatu na ngoma juu.

Bi Muskati
Kobe, hizo za Kihindi mwanangu, usichanganye. Za Kihindi zingine mtoto anazaliwa ndani ya tamthilia mpaka naye anaoa, bado haijakwisha. Hawa wa Pakistani wengi wao wanaandika hadithi yenye mwisho, thelathini na kitu wanafunga duka. Hii kaandika Farhat Ishtiaq, yuleyule wa tamthilia ya Humsafar ya 2011, na mwongozaji ni Badar Mehmood. Rudi uikamilishe.

Mie niko Muscat, kazini nina wenzangu wa Karachi. Kule ilikuwa ikitoka Jumatatu na Jumanne saa mbili usiku, huku kwetu saa moja, na siku ya pili yake asubuhi hakuna kazi inayofanyika mpaka Mustafa ajadiliwe. Walinicheka kwamba natazama kwa kusoma. Basi siku moja nikayazima yale maandishi nijipime. Wallahi nilikuwa naokota: dunia, wakati, sababu, hesabu, mtihani. Sharjeena akasema "lekin..." akanyamaza, na binti yangu aliyekuwa jikoni anaosha vyombo, hata skrini haioni, akadakia, "Lakini nini?"

Kilichonishinda ni nikaha zao. Bibi harusi anaulizwa yeye mwenyewe, ajibu "qubool hai", na kamera imemkalia usoni. Sie kwetu Unguja bibi harusi anaulizwa ndani chumbani, ridhaa yake anaipeleka walii, na anayesikika akisema "nimekubali" mbele za watu ni bwana harusi.

Kobe Mwendo
Sawa bibi, nimeshushuliwa vya kutosha. Leo narudi.

Kadi Juu ya Kabati
Huwa nasoma tu nyuzi za humu, leo acha niandike.

Adeel anamwacha Sharjeena harusi ikiwa imefika, kisa Rubab, mwanamke mwenye pesa. Kwenye tamthilia hilo liko mapema, kwa hiyo sidhani kama nimemwaga ubuyu. Nilipofika hapo nilizima simu, nikakaa wiki nzima bila kuigusa.

Mimi niliachwa siku kumi na moja kabla. Ukumbi ulishalipiwa nusu, kamati ilishakaa vikao vitano. Wanaoandika hizi hadithi wanajua aibu ya baba na machozi ya binti, na Hania Aamir alilia vizuri kabisa. Ila kuna kitu hawakijui, daftari la michango. Mama alizunguka na lile daftari wiki mbili, nyumba kwa nyumba, anarudisha elfu ishirini ishirini, na kila nyumba anakaribishwa soda na kuulizwa "ilikuwaje?" Wengine walikataa kupokea, na hao ndio waliomuumiza zaidi. Kadi ambazo hazikugawiwa bado zipo kwa mama, kwenye boksi juu ya kabati.

Na mdogo mtu hakuja kunioa. Alikuja kuchukua suti ya kaka yake kwa fundi wa mtaani kwetu.

Niliirudia kwa ajili ya Mustafa. Sijali gemu zake. Nilitaka kuona mwanaume anayeanza maisha na mke bila kitu, nyumba ya kupanga, na bado anamuuliza amekula au hajala.

Shangazi wa Kisauni
Mwanangu, pole. Mama yako mpe salamu zangu.

Bi Muskati
Wenzangu wa kazini wanasema sehemu ya mwisho, tarehe 5 Novemba 2024, Pakistani waliionyesha mpaka kwenye majumba ya sinema. Mie niliitazama na sahani ya biriani mapajani, ikapoa. Sisemi zaidi.

Rimoti ya Baba
Usiseme kweli, maana niko ya 19. Dada wa kadi, nimekusoma mara mbili, nikampa mke wangu naye asome. Kanirudishia simu bila neno, akaenda chumbani. Karudi sasa hivi anauliza, wewe ile ya fundi, suti aliilipia nani?

Kadi Juu ya Kabati
Mimi.