Mto wa shingo au fiziotherapia: kipi kitangulie?

Mkazi wa Sakina: Habari zenu, wanajamvi. Nimetenga shilingi 120,000 kwa ajili ya maumivu ya shingo na bega la kulia, ambayo sasa yananiamsha usiku. Hapa Arusha nimeoneshwa mto maalumu wa shingo utakaoimaliza fedha yote, na kwa kiasi hicho hicho ninaweza kulipia vipindi kadhaa vya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Naomba ushauri.

Mama Njiro: Ndugu yangu, umetaja bei ukaacha ugonjwa. Una umri gani, unafanya kazi gani, maumivu yalianza lini, na je, mkono unapata ganzi au unakosa nguvu? Kama ulianguka kwenye bodaboda, au una homa na shingo haikunjiki, achana na habari za mto uende hospitali leo.

Mzee wa Pasua: Mimi nasema mto, ila si huo wa dukani. Huku Moshi nimelalia mto wa sufi kwa miaka 30, na kila unapodidimia mke wangu huufumua, huianika sufi juani na kuijaza upya. Mto ulioinuka mno ndio unaopinda shingo usiku kucha.

Karani: Nawaomba mnisikilize. Mwaka juzi, baada ya majuma ya kufunga hesabu huku nimeinamia kompyuta ndogo, shingo ilikaza, nami nikaenda kwa mchuaji mmoja ambaye, bila kuuliza lolote, alinishika kidevu na kisogo akanizungusha ghafla. Nililia kama mtoto. Kwa siku nne niligeuka mwili mzima kama mtu aliyevaa ubao, nikameza diklofenaki, dawa ya maumivu, wiki tatu mfululizo, mara nyingi bila kula, hadi nikapata choo cheusi na kulazwa kwa vidonda vya tumbo. Aliyenisaidia ni mtaalamu wa fiziotherapia, aliyenieleza kwamba msuli mpana unaotoka kisogoni hadi begani ulikuwa umechoka kwa kukaa mkao mmoja, akanifundisha kurudisha kidevu nyuma na kubana mabega, na kuniamuru ninyanyuke kila nusu saa.

Mzee wa Pasua: Pole sana, lakini kosa la mchuaji mmoja lisifanye kuchua kote kuwe haramu. Baridi ya Juni na Julai hukaza misuli, na kitambaa cha maji ya moto pamoja na mkono mwepesi hutosha.

Mama Njiro: Joto hutuliza, sikatai. Kuhusu baridi, mbona wanaolalamika hawapungui hata Februari? Mwenye mada, bado tunakusubiri.

Mkazi wa Sakina: Samahani, nilikuwa kazini. Nina miaka 41, ni fundi cherehani, na yalianza Desemba niliposhona sare za shule. Ganzi ipo, kwenye kidole gumba na cha shahada, ila si kila siku.

Mama Njiro: Hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo! Ganzi ya namna hiyo yaweza kutokana na mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Daktari akupime kwanza, ndipo fedha itumike.

Karani: Na kiti chako kikoje?

Mkazi wa Sakina: Ni kigoda nilichoazima kwa jirani muuza ndizi. Nikikaa, meza ya cherehani inanifika kifuani, hivyo mabega yote hubaki juu kutwa nzima.

Karani: Basi umelikalia jibu lenyewe.

Mkazi wa Sakina: Nitakwenda kupimwa Jumatatu. Mzee wa Pasua, sufi huko Moshi inauzwaje kwa kilo siku hizi?