Nimefiwa na baba, ofisi nzima ikanitumia dole gumba

Wakuu, hili nimelibeba wiki tatu, leo nalitapika.

Natengeneza programu kwenye kampuni moja hapa Dodoma. Tuko 9. Viti vya kuzunguka, kahawa ya bure, ukutani tumeandika kwa rangi ya kijani "Sisi ni familia".

Mzee wangu alifariki Jumamosi usiku, kwetu Kolo, Kondoa. Alfajiri nikaandika kwenye grupu la kazi: "Nimefiwa na baba. Tunazika leo alasiri." Nikapata dole gumba 6. Dole gumba, wakuu! Mwingine kaweka stika ya "Pole" yenye maua yanayometameta. Bosi naye: "Pole sana kaka. Nenosiri la seva ya malipo unalo wewe, tutumie kabla hujaishiwa mtandao."

Kolo iko barabarani kabisa, njia ya Babati, lami tupu tangu 2018. Hakuna aliyekuja. Aliyekuja ni muuza chipsi wa chini ya ofisi, ambaye namjua kwa deni la mayai tu. Aliona stetasi yangu, akafunga banda, akapanda basi. Alishika jembe yule.

Sasa sikieni. Jumatatu saa 2 kamili asubuhi, nimekaa mkekani na wazee, simu ikatetema: "Habari! Tunakujali. Leo unajisikiaje?" Chini, nyuso tatu za kuchagua. Ni boti ya ustawi wa wafanyakazi, yaani programu inayotuma ujumbe na kujibu yenyewe. Niliitengeneza mimi. Hilo "Tunakujali" nililiandika mimi, mkono mmoja una muhogo. Nikabonyeza uso unaolia. Ikajibu: "Asante kwa mrejesho wako! Uwe na wiki njema." Na hilo langu.

(Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alitoa ELIZA, programu ya kuongea na mtu kama daktari wa akili. Katibu muhtasi wake akamwomba atoke chumbani waongee faragha. Ile angalau ilikuwa inauliza swali la pili.)

Saa 4 bosi kapiga, malipo ya mteja yamegoma. Nikapanda kilima nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, kanzu vumbi tupu, laputopu magotini, chini nawaona watu wanaingia kutoa pole na mimi sipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inanipa siku zisizopungua 4 zenye malipo nikifiwa na mzazi. Mimi nilipewa Jumapili, ambayo ni yangu hata nisipofiwa.

Niliporudi nikasema kikaoni kwamba nimeumia. Kimya. Mmoja akaanza kufuta kioo cha simu. Bosi akasema: "Kaka, mambo ya hisia tuyaache nje, hapa tunaongea data."

Data! Haya, nikafungua data za boti. Kuna mwenzetu amebonyeza uso unaolia Jumatatu 11 mfululizo. Ripoti hiyo naiandaa mimi kila mwezi, naweka asilimia, natuma, naenda kula. Anakaa meza ya pili kutoka kwangu.

Juzi nikamfuata, nikamwambia twende kwa mama ntilie tukanywe chai, tuongee. Akavua spika za masikioni, akanitazama kwa wasiwasi.

"Kwani mfumo umeleta shida gani?"